Kompyuta ya mzazi: nyumba njema si mlango

KILA mwezi wa Juni unapokaribia kwisha, saiba za mitaani na za masoko ya mashambani hufurika watu wazima walioshika vitambulisho mkononi. Tarehe 30 Juni ndiyo siku ya mwisho ya kuwasilisha ripoti za ushuru kwa KRA, na wengi wa wazazi wetu hawana njia nyingine ila kumwomba kijana wa saiba awajazie. Humtajia nambari ya PIN, humtajia neno la siri, na wakati mwingine humwachia hata simu yenyewe ili asome ujumbe wa kuthibitisha. Kisha hurudi tena kwa mambo ya SHA, ambayo ilichukua mahali pa NHIF mnamo Oktoba 2024, au kutafuta stakabadhi za ardhi. Kila mara mzazi huacha siri zake mikononi mwa mtu asiyemjua.

Watoto wanapoliona jambo hili, aghalabu huamua kuchanga pesa na kumnunulia mzazi kompyuta ya kuweka nyumbani. Huo ni uamuzi mwema. Hata hivyo, hapo ndipo fedha nyingi hupotea bure. Mtoto mmoja hununua mashine ya ndoto zake mwenyewe, yenye taa za rangi na nguvu ambazo mzazi hatazitumia kamwe. Mwingine hununua gofu lililopanguswa vumbi, ambalo baada ya miezi mitatu hugeuka kuwa meza ya kuwekea chombo cha maua.

Leo basi tutazame viungo viwili vinavyoamua kama kompyuta itamfaa mzazi kwa miaka mingi au la: bodi mama na prosesa. Bodi mama ni ule ubao mpana ndani ya kasha ambao kila kitu huchomekwa juu yake. Prosesa, ambayo vitabu vingine huiita kichakataji, ni kile kipande kidogo cha mraba kinachofanya hesabu zote. Ukivichagua vizuri hivi viwili, mengine yote hurekebishika.

Kazi ya mzazi ni ipi?

Kabla hujaenda dukani, chukua karatasi uandike kazi ambazo mzazi wako atafanya. Kwa wengi, orodha huwa hivi: kujaza fomu za serikali, kusoma magazeti na barua pepe, kuandika kumbukumbu za chama au za kanisa, kutazama video, na kuzungumza na wajukuu walio mbali huku wakionana nyuso. Hakuna hata kazi moja hapo inayohitaji kadi ya picha ya bei ghali. Picha zinazotolewa na prosesa yenyewe zinatosha kabisa.

Lakini tahadhari. Kazi ndogo si sababu ya kununua mashine dhaifu kuliko zote. Kompyuta ya kijana ikikwama, kijana huilaumu kompyuta. Ya mzazi ikikwama, mzazi hujilaumu mwenyewe. Hudhani amebonyeza mahali pabaya, hubonyeza tena na tena, dirisha nne hufunguka kwa pamoja, na mashine huzidi kukwama. Akishafedheheka hivyo mara tatu nne, huifunika kwa kitambaa na kurudi saiba. Kwa hiyo kwa mzazi, kompyuta inayoitika mara moja si anasa. Ndiyo sharti la kwanza.

Kibandiko cha i7

Wahenga walisema nyumba njema si mlango, fungua uingie ndani. Katika biashara ya kompyuta, mlango ni kile kibandiko kinachong'aa mbele ya kasha. Muuzaji atakuambia, "Hii ni Core i7, kaka, huwezi kupata nzuri zaidi kwa bei hii." Naye atakuwa hajasema uwongo. Ni i7 kweli. Swali ni i7 ya mwaka gani.

Hebu tulinganishe mbili. Core i7-4770 ilitoka mwaka 2013. Ina viini 4 na huweza kushughulikia kazi 8 kwa mpigo. Core i3-12100 ilitoka mwaka 2022. Nayo ina viini 4 na hushughulikia kazi 8 kwa mpigo. Kwa idadi zinalingana, lakini kila kiini cha ile i3 hufanya kazi kwa kasi kubwa zaidi, na kiwango chake cha msingi cha nguvu ni wati 60 ilhali cha i7 ile ni wati 84. Hivyo i3 ya juzi inaipita i7 ya zamani huku ikitoa joto dogo.

Namna ya kusoma jina ni rahisi. Kwa prosesa za Intel za aina hii, tazama tarakimu zilizo baada ya kistari. Zikiwa nne, ya kwanza ndiyo kizazi: 4770 ni ya kizazi cha nne, 8100 ni ya kizazi cha nane. Zikiwa tano, mbili za kwanza ndizo kizazi: 12100 ni ya kizazi cha kumi na mbili. Kizazi hutangulia cheo. Mwanafunzi anayekumbuka jambo hili moja ameokoa nusu ya pesa za mzazi wake.

Tazama pia herufi ya mwisho. Intel ikiwa na F, kama i3-12100F, haina uwezo wa kutoa picha. Ukiifunga bila kadi ya picha, skrini itabaki nyeusi. Kwa AMD, zile za soketi ya AM4 zenye G mwishoni, kama Ryzen 5 5600G, ndizo zenye picha ndani yake. Ryzen 5 5600 isiyo na G haina. Muuzaji anapokupunguzia bei ghafla, chungulia hiyo herufi.

Kwa nini kizazi cha nane ni mpaka?

Mnamo tarehe 14 Oktoba 2025, Microsoft iliacha kutoa masasisho ya kawaida ya usalama kwa Windows 10. Toleo linalofuata, Windows 11, halikubali kila mashine. Linataka angalau gigabaiti 4 za RAM, diski ya gigabaiti 64, chipu ya usalama iitwayo TPM ya toleo la 2.0, na prosesa iliyo katika orodha iliyoidhinishwa. Kwa Intel, orodha hiyo kwa jumla huanzia kizazi cha nane. Kwa AMD, kwa jumla huanzia mfululizo wa Ryzen 2000.

Maana yake ni kwamba ofisi nyingi duniani zina kompyuta za kizazi cha saba kurudi nyuma ambazo hazina tena kazi nazo, na mashine za namna hiyo huishia katika masoko ya mitumba. Nyingine huwekewa Windows 11 kwa ujanja ili zionekane za kisasa. Mzazi anayeingia benki na KRA kwa kompyuta hastahili kuwekwa juu ya msingi wa ujanja, kwa maana sasisho kubwa likija linaweza kukataa kuingia, nawe uko Nairobi naye yuko Vihiga.

Isitoshe, mpaka huo una faida nyingine. Core i3-7100 ya kizazi cha saba ina viini 2 tu. Core i3-8100 iliyoifuata ina viini 4. Kwa mzazi anayezungumza na wajukuu kwa video huku kurasa kadhaa zikiwa wazi, tofauti hiyo huonekana waziwazi.

Bodi mama huchaguliwa pamoja na prosesa

Kosa la wengi ni kununua prosesa Jumamosi hii na bodi mama Jumamosi ijayo. Kila prosesa ina soketi yake, na hata soketi zikilingana, ndoa inaweza kukataa. Mfano mzuri ni soketi ya LGA1151. Kizazi cha sita na cha saba huitumia, na kizazi cha nane na cha tisa pia huitumia. Lakini bodi ya H110 ni ya kizazi cha sita na cha saba, na bodi ya H310 ni ya kizazi cha nane na cha tisa. Ukizichanganya, prosesa itakaa vizuri kitini lakini mashine haitawaka.

Utakutana pia na bodi ambazo boksi lake halijafunguliwa, zikiwa na maandishi ya H61 au H81. Boksi ni jipya lakini teknolojia ni ya mwaka 2011 na 2013. Ni za prosesa za kizazi cha pili, cha tatu na cha nne. Upya wa boksi usikutie tamaa. Vyote ving'aavyo si dhahabu.

Ukitaka kuunda kompyuta kwa vifaa vipya, kuna njia mbili nilizoziona kuwa na busara kwa mtu wa mfuko mdogo.

Njia ya kwanza ni bodi ya H610 pamoja na Core i3-12100. Soketi yake ni LGA1700, na bodi hiyo, ikisasishwa, hukubali vizazi vitatu: cha 12, cha 13 na cha 14. Hivyo siku moja prosesa ikiharibika, hutalazimika kutupa bodi. Hakikisha unajua kama bodi yako ni ya RAM ya DDR4 au ya DDR5, kwa maana H610 hutengenezwa za aina zote mbili na RAM ya aina moja haiingii katika nafasi ya nyingine.

Njia ya pili ni bodi ya A520 pamoja na Ryzen 5 5600G. Hii ina viini 6 na hushughulikia kazi 12 kwa mpigo, nayo hutumia DDR4. Ni zaidi ya mahitaji ya mzazi, lakini ikipatikana kwa bei inayokaribiana na ile ya kwanza, ichukue. Ryzen 3 3200G ya mwaka 2019 nayo ingali inafaa kwa kazi ndogo, ila kumbuka kwamba si kila bodi ya A520 huikubali. Waulize wauzaji wakuonyeshe jina la prosesa yako katika orodha ya mtengenezaji wa bodi. Kuuliza si ujinga.

Kabla hujalipia bodi, kagua mambo haya. Je, ina nafasi ya M.2 ya kuchomeka diski ya SSD? Je, ina tundu la skrini aliyo nayo mzazi? Skrini nyingi za zamani zina VGA tu, na hakuna haja ya kununua nyingine ikiwa bodi ina tundu hilo. Je, ina Wi-Fi? Nyingi za bei nafuu hazina, na utahitaji kifaa kidogo cha kuchomeka kwenye USB. Je, prosesa inakuja na feni yake? Ile inayouzwa ndani ya boksi huja nayo. Ile inayouzwa bila boksi huwa haina, na feni ni gharama nyingine.

Mitumba ya ofisi si dhambi

Mgala muue na haki yake mpe. Kompyuta za ofisi zilizotumika, zile ambazo wauzaji wetu huziita "ex-UK", zinaweza kuwa chaguo bora kuliko kuunda mpya. Zilitengenezwa zifanye kazi mchana kutwa, na huja zikiwa na bodi, prosesa, kasha na pawa saplai vilivyooana tangu kiwandani. Shida ni kutofautisha. Dell OptiPlex 3050 na OptiPlex 3060 zinafanana sana kwa sura, lakini ya kwanza ni ya kizazi cha saba na ya pili ni ya kizazi cha nane. Mpaka wetu unapita katikati yake.

Ukipata mashine ya ofisi yenye Core i5-8500, umepata viini 6 vya mwaka 2018. Kwa nyumba inayotegemea umeme wa jua, tafuta zile ndogo zenye ukubwa wa kitabu, ambazo hutumia adapta kama ya kompyuta ya mkononi. Prosesa zake huwa na herufi T mwishoni, mfano i5-8500T, ambayo kiwango chake ni wati 35.

Ukiwa dukani, usitosheke na kibandiko wala na neno la muuzaji. Omba mashine iwashwe. Bonyeza Ctrl, Shift na Esc kwa pamoja, ufungue sehemu ya utendaji, nawe utaona jina kamili la prosesa. Kisha bonyeza kitufe cha Windows pamoja na R, andika tpm.msc, na utazame kama toleo ni 2.0. Kazi hiyo haizidi dakika mbili. Muuzaji mwaminifu hatakasirika.

Mwishowe tazama saa na tarehe iliyo kwenye skrini. Ikiwa imerudi nyuma miaka kadhaa, betri ndogo ya mviringo iliyo kwenye bodi, iitwayo CR2032, imekufa. Ni kitu cha pesa chache, lakini tarehe ikiwa mbovu, kurasa za benki na za serikali hukataa kufunguka na kutoa maonyo ya kutisha. Mzazi ataamini kuwa ameibiwa. Badilisha betri hiyo kabla hujaisafirisha mashine.

Pesa zilizobaki ziende wapi?

Kupanga ni kuchagua. Ukishapata bodi na prosesa za wastani, usirudi kuongeza cheo cha prosesa. Weka pesa penye manufaa.

Kwanza ni diski ya SSD. Hakuna kitu kinachoibadilisha kompyuta kama hiki. Hata ile ya SATA huweza kusoma takriban megabaiti 550 kwa sekunde, ilhali diski ya zamani inayozunguka husoma sehemu ndogo tu ya kiasi hicho. Gigabaiti 256 zinamtosha mzazi.

Pili ni RAM. Gigabaiti 8 ndizo za kuanzia. Nunua kipande kimoja cha 8, si viwili vya 4, ili nafasi ya pili ibaki wazi kwa siku za usoni. Mwishoni mwa mwaka 2025 bei ya RAM ilipanda kwa kasi duniani kwa kuwa viwanda vilielekeza nguvu kwenye mitambo ya akili bandia. Kwa hiyo kama kuna kompyuta nzee ya mezani yenye DDR4 nyumbani, usiitupe. RAM yake inaweza kuhamia kwenye bodi mpya ya DDR4.

Tatu ni pawa saplai ya kuaminika na UPS. Umeme wetu tunaujua. Hupotea bila kuaga na kurudi kwa kishindo. Mashine ya namna hii haihitaji pawa saplai kubwa, wati 300 hadi 400 za kweli zinatosha, lakini ile inayotolewa bure pamoja na kasha la bei ya chini ndiyo inayoweza kuunguza bodi yote. Afadhali kasha lenye mikwaruzo na pawa saplai njema, kuliko kasha la kioo na pawa saplai ya kubahatisha.

Na iwapo pesa hazitoshi hata kwa mtumba wa kizazi cha nane? Basi chukua kompyuta iliyopo, iwekee SSD na RAM, kisha uweke mfumo wa bure wa Linux, kama Ubuntu au Linux Mint, unaoendelea kupokea masasisho. Kivinjari kipo, na LibreOffice ya kuandikia barua ni ya bure. Mzazi asiyewahi kutumia Windows hatahisi upungufu wowote.

Kabla ya kulipa

Tembelea maduka matatu, yawe ya Luthuli Avenue, ya Mombasa au ya Kisumu, na uombe bei kwa maandishi, kila kifaa na jina lake kamili. Neno "Core i3" pekee kwenye risiti halina maana. Andikisha "Core i3-12100" na jina la bodi, pamoja na muda wa dhamana na mhuri wa duka. Mwenye pupa hadiriki kula tamu. Muuzaji anayekuhimiza ulipe leo kwa kuwa kesho haitakuwepo, mwachie mashine yake.

Ikifika nyumbani, kuza maandishi kwenye skrini, ondoa programu zisizohitajika, na ubakishe alama chache ambazo mzazi atazitambua. Halafu mwache aketi mbele ya kibodi mwenyewe. Abuni neno jipya la siri la KRA na la eCitizen, aliandike katika daftari lake, nawe ugeuke upande mwingine anapoliandika. Hilo ndilo ulilomnunulia.